Jino la Utoto Nalo ni Jino

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bibi zangu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi akina baba wachache mliokaa kule nyuma karibu na mlango, karibuni. Nakuoneni. Sogeeni mbele, leo sikuja na koleo.

Nimeombwa niseme juu ya meno ya watoto wadogo, na nitaanza na maneno ninayoyasikia kuliko yote kazini kwangu hapa Pemba. Analetwa mtoto wa miaka 4, shavu limevimba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Namwuliza mama, "Limeanza lini hili?" Ananijibu, "Siku nyingi, daktari, lakini si la utoto hili? Litang'oka tu." Na bibi aliyemsindikiza anaitikia pembeni, "Litang'oka, ndiyo."

Kweli litang'oka, silibishi. Lakini litang'oka lini? Meno ya mbele huanza kutoka mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Magego ya utoto, yale ya nyuma anayotafunia, hukaa mpaka miaka 10, 11, wengine 12. Basi mtoto wa miaka 4 mwenye gego bovu tunamwambia avumilie miaka sita au zaidi. Nani hapa ukumbini angekubali? Sisi wakubwa jino likituuma usiku mmoja tu, alfajiri tuko mlangoni mwa spitali na kitambaa kichwani.

Tena jino la utoto halikai bure. Yapo 20, kumi juu na kumi chini, na chini ya kila moja kuna la ukubwani linajengwa taratibu ndani ya taya. Lile la utoto linamwekea mwenzake nafasi, kama mtu anayemwekea ndugu yake pahala kwenye safu msikitini. Likiondoka kabla ya wakati, majirani huinamia pengo, na mwenye nafasi anapofika hana pa kusimama. Hapo ndipo jino linapotokea pembeni au juu ya ufizi. Na kama chini ya lile bovu kulikuwa na usaha, la ukubwani linaweza kutoka na doa, au na umbo lililoharibika. Wazee wamesema jino la pembe si dawa ya pengo, na hawakubagua pengo la mzee na la mtoto.

Kazi hii huanza mbali kuliko watu wanavyodhani. Meno ya mtoto huanza kutengenezwa tumboni, katika miezi miwili ya mwanzo ya mimba, na kufika mwezi wa nne yale ya mbele yameshaanza kuwekwa madini. Siku anapozaliwa, kinywa kinaonekana kitupu lakini meno yote 20 yamo njiani. Ndiyo maana nakuombeni, mama mjamzito asinunue vidonge vya tetrasaikilini dukani kwa sababu jirani kamwambia ni nzuri kwa tumbo. Dawa ile huingia kwenye meno ya mtoto na kuyatia rangi ambayo haisuguliki, na kwa sababu hiyo hiyo hatumpi mtoto wa chini ya miaka 8 bila sababu kubwa. Na mjamzito ambaye ufizi wake unatoka damu akipiga mswaki asiuache mswaki. Homoni za mimba huufanya ufizi uvimbe upesi kwa uchafu mdogo tu, na dawa yake ni kusafisha zaidi, kisha kuja kuonwa. Kutibiwa meno ukiwa na mimba hakuna haramu wala hatari, mwambie tu tabibu kwamba unayo.

Kuna na jambo jingine la mama, na la baba pia. Vijidudu vinavyotoboa meno, mtoto hazaliwi navyo. Anavipata kwa mate ya wale wanaompenda. Unaonja uji kwa kijiko, kijiko kile kile kinaingia kinywani mwake. Unamtafunia muhogo unampa. Mama mwenye meno mabovu matatu yasiyotibiwa anampa mwanawe vijidudu vingi na mapema. Simwambii mtu asimbusu mwanawe. Nasema ukitaka kumtibu mtoto, anza na kinywa chako.

Sasa kuota meno. Kwa kawaida la kwanza huchomoza karibu na miezi 6, mengi ya chini mbele, na mpaka miaka miwili na nusu au mitatu yote yameshakamilika. Wapo wanaotangulia, wapo wanaochelewa mpaka mwaka, na wapo wanaoanza na ya juu. Nimesikia minong'ono kule mbele. Ndiyo, kigego. Mtoto aliyeanza kuota ya juu, zamani palikuwa na mambo ya kutisha, na mpaka leo wapo bibi wanaomtazama vibaya. Mpangilio wa meno ni maumbile, haumdhuru mtu, na huyo mtoto hana nuksi yoyote. Tumalizane nalo.

Lakini hili la homa na kuharisha sitalipita haraka. Watu wa hapa husema, "Anaharisha kwa sababu anaota meno," na wanakaa nyumbani. Jino linapotoka, mtoto hutoka udenda, ufizi huwasha, analia lia, anatia kila kitu mdomoni. Mwisho wake ni hapo. Homa kali na kuharisha havitoki kwenye jino. Vinakutana nalo tu, kwa sababu umri ule ule wa miezi 6 ndio anapoanza kula chakula kingine, anatambaa, anaokota vitu chini na kuvitia mdomoni, na ile kinga aliyoipata kwa mama yake inaanza kupungua. Kwa hiyo anayeharisha ana ugonjwa wa tumbo, na mtoto mchanga hukaukiwa maji kwa muda mfupi sana. Mpe maji ya chumvi chumvi, yale ya pakiti ya ORS, endelea kumnyonyesha, mpeleke kituo cha afya akapewe na vidonge vya zinki. Jino liache lijitokee lenyewe. Nasisitiza kwa sababu huko bara kuna watu wanaowapasua watoto ufizi kwa kitu cha ncha wakisema wanatoa "meno ya nailoni". Wanachokitoa ni chonge changa zenyewe, na mtoto anabaki na kidonda, pengine na tetenasi au maambukizo ya damu. Mtu akikwambia hivyo, mchukue mwanao mwondoke.

Haya, naomba mama mmoja mwenye mtoto anisaidie. Ahsante, dada. Njoo na shoga yako pia.

Kaeni kwenye viti mkitazamana, magoti yaguse magoti. Mama mpakate mtoto akutazame wewe, miguu yake ikuzunguke kiunoni. Sasa mlaze taratibu, kichwa chake kiangukie mapajani mwa shoga yako. Mshike mikono. Mnaona? Analia. Mwacheni alie, akilia anaachama na mimi kazi yangu imekuwa nyepesi. Sasa tazameni kidole changu. Nainua mdomo wa juu, naupandisha mpaka naona pale ufizi unapokutana na jino. Hapa hapa. Huyu, mashaallah, safi. Lakini mngekuta kistari cheupe, cheupe cha chokaa kisicho na mng'ao, kimefuata ukingo wa ufizi kwenye meno haya manne ya mbele, huo ndio mwanzo wa kuoza. Hauumi. Mtoto anacheka, anakula, mama hana habari. Kistari kikiwa cha kahawia mmechelewa kidogo, na jino likianza kumeguka mmechelewa zaidi. Kile cheupe bado kinaweza kurudi, kwa mswaki na dawa ya mswaki yenye floraidi, yaani madini yanayoimarisha jino, na kupunguza sukari. Kutazama kote kumechukua muda gani? Hata sijamaliza kuzungumza. Fanyeni mara moja kwa mwezi, mchana, mahali penye mwanga.

Mwulizeni mama mwenye mtoto wa miaka 3 ambaye meno ya juu mbele yamebaki visiki vyeusi na ya chini mazima. Mara nyingi utasikia habari ya chupa. Ulimi huyafunika meno ya chini, na mate ya chini ni mengi, kwa hiyo yanasalimika. Ya juu yanabaki yanaoga maziwa matamu usiku kucha, na usiku mate hupungua. Vijidudu hula sukari, hutoa asidi, na asidi huyeyusha madini ya jino. Mate huja kurekebisha lakini yanataka nafasi, nusu saa na zaidi kila mara. Mtoto akila kipande cha halua baada ya chakula cha mchana, akanywa maji, mate yanafanya kazi yao. Yule anayetembea na chupa ya juisi toka asubuhi, akifyonza kidogo kidogo, kila funda linaanzisha shughuli upya. Ndiyo maana mimi huuliza mara ngapi kabla sijauliza kiasi gani.

Na ziwa? Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha, na wataalamu wa afya nao wanasema ziwa peke yake miezi 6, kisha ziwa na chakula mpaka miaka miwili na kuendelea. Nyonyesheni. Sharti langu ni dogo: meno yakishatoka, yasafishwe kabla ya kulala, na mtoto asilale usiku mzima na chuchu mdomoni baada ya kula vitu vitamu. Kinachonitia hasira ni chai ya maziwa yenye sukari ndani ya chupa ya kunyonyea. Nimeiona kwenye daladala, nimeiona kwenye boti, nimeiona mpaka kwenye foleni ya kiliniki. Kama ni lazima alale na chupa, ndani yake mtie maji. Asali vile vile, msimpake ufizini mtoto wa chini ya mwaka mmoja, maana kwa umri huo inaweza kumletea sumu ya vijidudu ambayo tumbo lake haliiwezi. Akishapita mwaka, asali ni halali yake, lakini kwa meno asali ni sukari.

Mswaki huanza jino la kwanza linapochomoza. Si mpaka yajae, wala si mpaka aingie chuoni. Chukua mswaki mdogo wenye nywele laini, na dawa ya mswaki yenye floraidi. Soma nyuma ya boksi, utafute namba kati ya 1000 na 1500 karibu na neno la floraidi. Chini ya miaka 3, paka kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3, punje ya mbaazi. Lile tangazo la televisheni linalojaza mswaki mzima lina nia ya kuuza dawa. Dada mmoja aliniuliza kama floraidi si ndiyo inayowafanya watu wa Arusha wawe na meno ya rangi ya kahawia. Ni kweli, lakini ile inatoka kwenye maji yao, wanayanywa kila siku toka utotoni wakati meno yanajengwa. Kwa punje ya mchele hakuna haja ya khofu. Weka tu dawa juu kabatini, asijenge tabia ya kuilamba.

Piga asubuhi, na usiku iwe ndiyo kazi ya mwisho kinywani. Akimaliza ateme, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki juu ya meno. Mswaki wa mti nina heshima nao, na sote tunajua Mtume (S.A.W.) alivyousisitiza. Mtu mzima anayejua kuutumia atasafika. Kwa kinywa cha mtoto wa mwaka mmoja ni mgumu na mkubwa. Mkaa na mchanga, waachieni masufuria.

Na nani anapiga? Wewe. Mtoto wa miaka 4 anautafuna mswaki, anameza dawa, anakukimbia. Mkono wake hauwezi kufika nyuma. Mwache ajaribu kwanza, afurahi, kisha umalizie mwenyewe, mpaka afike miaka 7 au 8. Akina baba wa mlangoni, hapa nawasemesha nyinyi. Mama saa tatu ya usiku yuko jikoni anaosha vyombo. Kupiga mswaki mtoto ni dakika mbili, na haijaandikwa popote kuwa ni kazi ya kike.

Sasa karafuu. Siwezi kusimama Pemba nisiiseme, tena harufu yake imeanikwa hapo nje ya ukumbi. Jino likiuma, kila nyumba ina dawa: punje ya karafuu iliyotafunwa, au pamba yenye mafuta kutoka kwenye kichupa. Na inafanya kazi, sikatai. Ndani ya mafuta ya karafuu, sehemu kubwa ni kitu kinachoitwa eujenoli, chenye kutia ganzi na kuua vijidudu. Sisi wenyewe matabibu tumekitumia miaka mingi, tukikichanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Pale kwenye kiwanda cha makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, cha Wawi hapa Pemba yanakamuliwa mafuta yanayokwenda ulimwenguni kwa kazi kama hizo.

Nina maneno mawili juu yake. La kwanza, kwa mtoto mchanga mafuta yale ni hatari. Yanaunguza ufizi, na akiyameza ni sumu. Katika maandiko ya tiba wamo watoto wadogo waliomeza kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai, wakapoteza fahamu na maini yakashindwa kazi. Msimpake mtoto anayeota meno, na kichupa kikae mbali na mikono yake. Kwa ufizi unaowasha, mpe kitambaa safi kilicholowanishwa maji baridi atafune, au umsugue kwa kidole kilichooshwa. La pili ni juu ya mtoto mkubwa kidogo. Karafuu inaondoa maumivu, haizibi tundu. Mtoto analala, mama anashukuru, wiki tatu kimya. Kimya kile wakati mwingine maana yake mshipa wa jino umeshakufa na usaha unashuka chini. Halafu shavu linavimba, homa inapanda, jicho linaanza kufunga. Mtoto mwenye uvimbe wa uso na homa haletwi kesho. Analetwa sasa hivi, usiku huo huo, kwa gari lolote litakalopatikana.

Mkija mapema, hakuna haja ya kuogopa koleo wala mashine ya kelele. Kuna njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono tu na kuziba kwa saruji maalumu ya meno, mara nyingi bila hata sindano ya ganzi. Njia hiyo inatumika dunia nzima leo, na ilianzia hapa hapa Tanzania, kwenye skuli ya meno ya Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, kwa kazi ya Mholanzi Jo Frencken na wenzake waliotaka kuwatibu watu wa vijiji visivyo na umeme. Sisi wenyewe hatulisemi. Ipo pia dawa ya matone yenye fedha na floraidi, inapakwa kwenye tundu na kusimamisha kuoza. Ubaya wake inaliacha pale palipooza peusi, lakini mtoto hapigwi sindano. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, pamoja na ile saruji na dawa ya mswaki yenye floraidi. Mwulizeni tabibu wenu wa wilaya kama anayo.

Nimeletewa kikaratasi: "Mtoto akianguka jino likatoka lote, nilirudishe?" Likiwa la utoto, usilirudishe, utaliumiza la chini yake. Likiwa la ukubwani, lishike kwenye kichwa si kwenye mzizi, litie ndani ya maziwa, mkimbilie spitali mkafike ndani ya saa moja. Na hapa niongeze: gego la kwanza la ukubwani linatoka mtoto akiwa na miaka 6, nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hulidhani la utoto na kuliacha lioze. Mtoto anapoanza darasa la kwanza, mwambie aachame uhesabu. La sita kutoka katikati ndilo hilo, na hilo halina mrithi.

Namalizia na vitamu, maana najua mnangoja niharamishe ubuyu. Siharamishi. Ubuyu wetu mwekundu unanasa kwenye magego, na mtoto anaumung'unya saa nzima, kwa hiyo kwangu ni mbaya kuliko halua ya Wete inayoliwa mara moja na kumezwa. Uliwe karibu na chakula, kisha maji. Sikukuu, watoto wakienda Tibirinzi na pesa za mkono, waacheni wale, ni siku. Mwezi ninaoukhofia ni Ramadhani. Futari ina kaimati na tambi za sukari na juisi, watoto wanakesha wakila kidogo kidogo, wanalala kwenye mkeka na tende mdomoni, na mswaki hakuna anayeukumbuka. Kabla hawajalala, hata kama ni saa sita za usiku, pigeni mswaki. Na kuna skuli, siitaji jina, muuza pipi amekaa ndani ya geti kabisa, si nje. Wazazi wa skuli hiyo wanajijua. Kamati ya skuli ni yenu, semeni nao.

Basi. Meza ile ya dirishani nitakuwepo na mwenzangu mpaka adhuhuri. Watoto wa chini ya mwaka mmoja waanze, kisha wajawazito, kisha waliobaki. Leteni na kadi za kiliniki, tuandike humo tunachokiona. Wenye mtoto aliyevimba uso wasipange foleni, waje moja kwa moja kwangu. Akina baba, nyinyi mtawashika watoto.

Wabillahi tawfiq.